Kinu Kwanza, Mchi Baadaye

Watu wengi hudhani kazi husimama kwa sababu ya uvivu au ugomvi. Mimi nimeiona kazi ikisimama kwa sababu ya adabu, tena mbele ya macho yangu, katika biro moja ya mizigo, yaani ofisi, pale Kalemie, wakati nchi ingali ikiitwa Zaire na mimi ningali msichana mwenye ulimi mwepesi kuliko akili. Wanaume wawili wazima, wastaarabu wote wawili, walikaa wakitazamana tangu saa mbili asubuhi hadi treni ya Kabalo ilipopiga honi na kuondoka na mabehewa matupu. Hakuna aliyemkosea mwenzake. Kila mmoja alikuwa anamngojea mwenzake amalize.

Nilikuwa na miezi miwili kazini, katika miezi mitatu ya majaribio. Kabla sijaendelea lazima niseme majaribio yale yalikuwa na uzito gani kwetu, maana bila hivyo utaniona mtu wa kupandwa na hasira bure. Baba alitoka Kiambi akiwa kijana, akafanya kazi ya kutandika reli mpaka siku chuma kilipomwangukia mguuni. Mama alitoka pwani ya kaskazini ya ziwa, upande wa Fizi, na kaka zake wavuvi. Walipanga maisha yao katika nyumba ya kampu ya reli: vyumba viwili, jiko la nje, na uwanja tuliotumia pamoja na jirani mmoja. Lakini nyumba za kampu ni za mtu aliye kazini. Baba alipopumzishwa, tuliambiwa tutakaa mpaka mwisho wa majaribio yangu. Nikipewa kazi kabisa, jina langu litaandikwa mahali pa jina lake. Nisipopewa, tufunge virago.

Baba hakuwahi kunitajia jambo hilo hata mara moja. Kila asubuhi aliniangalia viatu kama vimepigwa rangi, akarudi kukaa mlangoni. Ningependa angesema. Ukimya wake ulinichoma zaidi kuliko maneno.

Kazi yangu ilikuwa kutunza vitabu viwili. Vilikuwa vikubwa, vya jalada gumu, kila kimoja nakala moja tu. Kitabu cha depo kilionyesha mzigo gani umo katika depo ya bandari, yaani ghala. Kitabu cha mabehewa kilionyesha behewa gani limebeba nini. Gunia likitoka depo kwenda kwenye behewa, karani alipaswa kulifuta katika kitabu cha kwanza na kuliandika katika cha pili, papo hapo, kila mstari ukibeba namba ya mstari wa kile kingine. Gunia likishuka kutoka kwenye behewa kwenda kungoja mashua, ilikuwa hivyo hivyo kwa kinyume. Zamani kidogo, kabla sijafika, mtu aliandika nusu akaenda kula, na magunia ya chumvi yakawa mahali pawili kwenye vitabu na hayako popote kwa macho. Tangu siku hiyo shefu wetu, mkuu wa biro, aliweka sheria: ukishachukua kitabu hukiachi mpaka umetia sahihi katika vyote viwili.

Sheria nzuri. Hata leo siilaumu. Ila hakuna aliyesema uanze na kitabu gani.

Makarani walikuwa wawili. Wa upande wa bandari alikuwa mfupi, mcheshi, mpenda chai yenye sukari ya kuziba kijiko. Wa upande wa reli alikuwa mrefu, koti lake la abakosti limefungwa vifungo mpaka kooni, kalamu nne mfukoni, na maneno machache kwa siku. Nitawaita Papa wa bandari na Papa wa reli, yaani baba kwa heshima, kama tulivyowaita wakati ule. Kila mmoja alianza na kitabu cha nyumba yake: wa bandari alichukua kitabu cha depo kisha cha mabehewa, na wa reli alichukua cha mabehewa kisha cha depo. Siku nyingi hapakuwa na shida, kwa sababu mmoja alikuja mapema, akamaliza, akaenda zake, ndipo mwenzake akafika. Ndiyo maana katika miaka yote hiyo hakuna aliyeona kilichokuwa kimelala ndani ya desturi yao.

Kisha mvua zikaanza, mashua zikawa zinafika asubuhi ile ile ya treni, na treni ilikuwa moja tu kwa juma, siku ya Alhamisi. Alhamisi ya kwanza waliingia kwa mlango mmoja, wakapeana mikono, wakaulizana habari za watoto mmoja mmoja. Papa wa bandari akachukua kitabu cha depo. Papa wa reli akachukua kitabu cha mabehewa. Wakaketi kila mtu upande wake wa meza, wakafungua, wakaandika tarehe, wakainua macho kutafuta kitabu cha pili. Kila mmoja aliona kiko mikononi mwa mwenzake.

Kwetu, kitu kilicho mkononi mwa mtu mzima hukiombi. Ni kama kumwomba sahani wakati anakula. Papa wa bandari akasema maliza tu, Papa, mimi nitangoja. Papa wa reli akajibu hapana, maliza wewe. Chai ikaletwa. Wakaizungumzia mvua. Kila mmoja aliamini kwa moyo safi kwamba mwenzake bado ana mistari ya kuandika, na mimi niliyekaa pembeni niliamini hivyo pia, kwa kuwa sikuwa na ujasiri wa kuchungulia kazi ya wakubwa.

Aliyechungulia ni mama mmoja mfanyabiashara wa ziwa, mtu wa kaskazini kama mama yangu, mwenye magunia ya ndagala, yaani wale dagaa waliokaushwa kwa jua. Magunia yake yalikuwa katika depo, na bati la depo lilivuja. Alisimama dirishani kwangu, kitenge kimefungwa kiunoni kama mtu anayejiandaa kulima.

"Binti, ndagala yangu inangoja nini?"

Nikamwambia mapapa wanaandika.

"Hawaandike. Niliangalia kalamu. Nani njo anakatala?"

"Hapana muntu anakatala, Mama," nikamjibu, yaani hakuna anayekataa.

"Basi inangoja nini?"

Niligeuka kuwaangalia, na kwa mara ya kwanza niliona: kalamu mbili zimelala, vitabu viwili vimefunguliwa, chini ya tarehe hakuna hata neno. Treni ikapiga honi wakati huo huo. Hapo ndipo wao pia walipotambua, na adabu ikageuka kuwa jambo la kulinda hadhi. Papa wa bandari akasema basi nipe chako. Papa wa reli akasema nipe wewe chako. Wote wawili walikuwa na sheria upande wao, kwa sababu kuachia kitabu kabla ya sahihi kulikatazwa. Mabehewa yakaondoka matupu, na yale yaliyokuja na mahindi yakarudi nayo Nyunzu yalikotoka.

Shefu hakuwagombeza. Wamekula chumvi nyingi, angewaambia nini? Aliniita mimi. Nilisimama mbele ya meza yake nikaambiwa kwamba vitabu viko chini ya ulinzi wangu, na mtunza vitabu ambaye vitabu vyake havifanyi kazi hana kazi. Nilitoka pale nikiuma meno. Nilikuwa na majibu kumi mdomoni, na kila jibu lingetuondoa katika nyumba ile siku hiyo hiyo.

Juma lote nilifikiri. Nikaona dawa ni rahisi: mtu akikuta kitabu cha pili hakipo, arudishe kile alichonacho kwenye rafu, apumzike kidogo, ajaribu tena. Kwa kuwa tarehe peke yake si mzigo, hakuna kilichoandikwa nusu, na shefu alikubali kulegeza sheria yake kwa kipimo hicho. Niliwaeleza mapapa kwa heshima zote. Wakasema vizuri, mtoto ana akili. Nililala usingizi mzuri.

Alhamisi ya pili wakaja tena pamoja. Kila mmoja akachukua chake, akaona cha pili hakipo, akakumbuka maagizo yangu. Wakasimama wote wawili, wakarudisha wote wawili, wakaenda dirishani kupumzika wote wawili. Wakageuka, wakaona vitabu vyote viko kwenye rafu, kila mmoja akachukua cha nyumba yake. Wakaangalia. Wakasimama tena. Umewahi kupishana na mtu katika njia nyembamba, ukienda kushoto naye anakuja kushoto, ukienda kulia naye kulia? Niliwaangalia wakifanya hivyo mara nne, mara tano, wakiombana radhi kila mara, na safari hii walikuwa wanatoka jasho. Walikuwa na kazi nyingi kuliko juma lililopita, na hakuna gunia hata moja lililosogea. Ningecheka kama nyumba yetu isingekuwa hatarini.

Honi ikalia. Mama wa ndagala alikuwa dirishani tena. Aliingiza mkono ndani ya kitambaa alichobeba, akatoa dagaa wachache, akawaweka mbele yangu kwenye ubao wa dirisha. Walikuwa wameanza kulainika. Akaondoka.

Shefu aliniita mara ya pili na safari hiyo aliniita Sitwayeni, neno la serikali la kumwita mwanamke raia, kama mtu anayesoma barua ya serikali. Akasema Alhamisi ya tatu treni ikiondoka tena hivi, niache funguo mezani na nisirudi Ijumaa. Nilitoka nje, nikasimama nyuma ya biro penye mizani ya zamani, nikalia kwa hasira zaidi kuliko kwa huzuni, maana sikujua nimlaumu nani. Hakuna aliyekataa. Hakuna mvivu. Wote walikuwa wananitii.

Siku ya Jumatatu nilijaribu ukali. Nilifunga mlango wa biro kwa ufunguo na kutangaza kwamba mtu mmoja tu ataingia kwa wakati mmoja, atumie vitabu vyote kama ni vyake, akitoka ndipo aingie mwingine. Kweli, hakuna aliyekwama. Lakini mtu aliyetaka kusoma mstari mmoja tu katika kitabu cha depo alingoja nyuma ya mtu aliyekuwa anaandika behewa zima, na mstari wa watu ukafika mpaka kwenye mizani. Mchana shefu mwenyewe alikuta mlango umefungwa, akapiga kwa ngumi, na mimi nikamwambia kupitia tundu la ufunguo kwamba si zamu yake. Mlango ukafunguliwa tangu saa hiyo na haukufungwa tena.

Jumanne nilirudi nyumbani mapema, kichwa kinaniuma. Mama alikuwa ameniwekea majani ya muhogo niyatwange kwa ajili ya sombe, yaani kisamvu. Uwanjani kwetu kulikuwa na kinu kimoja na mchi mmoja, mali ya nyumba zote mbili, na jirani yetu alikuwa mwanamke mkali ambaye tulipendana naye siku tatu na kugombana siku ya nne. Jumanne hiyo ilikuwa siku ya nne. Nilimuona anatoka kwake na beseni la majani. Mimi, kwa hasira zangu zote za juma, nikapiga mbio nikakamata mchi uliokuwa umeegemea ukuta. Nikasema moyoni, leo hunitangulii. Nilipogeuka alikuwa amekikalia kinu.

Tukakaa. Yeye juu ya kinu, mimi na mchi mapajani. Majani yangu yananyauka katika beseni, yake yananyauka katika beseni. Hakuniomba mchi. Sikumwomba kinu. Tena tulikuwa na adabu, tukaulizana hali za wagonjwa. Jua likasogea, kivuli cha nyumba kikafika miguuni pangu, na mimi bado nilikuwa najipongeza kwamba sijashindwa.

Mama akatoka jikoni kuuliza sombe iko wapi. Alituangalia mmoja baada ya mwingine kwa muda mrefu. Hakupandisha sauti.

"Weye, kama hauna kinu, muchi unafanya nayo nini?"

Mama akaendelea, akisema kama mtu anayeeleza jambo ambalo kila mtoto anapaswa kulijua: katika uwanja huu muntu anashika kinu kwanza, njo anatafuta muchi. Asiye na kinu hagusi muchi, hata kama umesimama peke yake. Ilikuwa hivyo tangu walipohamia, hajawahi kuona majani yakinyauka mpaka leo. Kisha akaninyang'anya mchi, akampa jirani, akaniambia nikae mikono mitupu mpaka mwenzangu amalize.

Nilikaa. Uso ulinichoma kwa aibu. Mimi niliyewashangaa mapapa kwa majuma mawili nilikuwa nimekaa kama wao, na chombo kisichonisaidia kitu, nikimzuia mtu ambaye naye ananizuia. Jirani akatwanga, akamaliza, akanipa vyote viwili, mchi ndani ya kinu. Nikaanza kutwanga, na nilipokuwa katikati ya kutwanga nikasimama.

Niliona jambo lote kwa mara moja. Katika uwanja wetu, mwenye mchi tayari ana kinu. Kwa hiyo hana kitu kingine anachokingoja. Atatwanga, atamaliza, ataachia. Mwenye kinu anaweza kungoja mchi, ndiyo, lakini anamngoja mtu ambaye hakika atamaliza. Na asiye na kitu anangoja mikono mitupu, hamzuii mtu yeyote. Hakuna mahali ambapo wawili wanaweza kushikana hivyo. Haikuwa swali la nani mkubwa wala nani ametangulia. Ilitosha watu wote waanze upande mmoja.

Nilitwanga sombe ile mpaka ikawa laini kupita kiasi, nikiimba. Mama alidhani nimepata homa.

Jumatano niliwaita mapapa. Nikasema kuanzia leo kitabu cha depo ni cha kwanza, kitabu cha mabehewa ni cha pili. Anayehitaji vyote viwili aanze na cha depo, awe wa bandari, awe wa reli. Anayehitaji kimoja tu achukue hicho, lakini akishachukua cha mabehewa peke yake asijaribu kuongeza cha depo; akikihitaji, arudishe kwanza, aanze upya. Papa wa bandari alitabasamu mpaka meno ya nyuma yakaonekana. Nilijua hapo hapo nimekosea kitu.

Papa wa reli alifunga kifungo cha juu ambacho tayari kilikuwa kimefungwa. Akasema kwa sauti ya chini kwamba amekaa reli miaka kabla mimi sijazaliwa, na sasa anaambiwa reli ni ya pili. Nikamweleza kwamba ningeweza kugeuza, cha mabehewa kikawa cha kwanza, na kazi ingekwenda vile vile. Hapo Papa wa bandari akaacha kutabasamu, akasema kama hivyo basi yeye anarudi kwenye desturi ya zamani. Nikaona nyumba yetu inaondoka kwa sababu ya namba mbili.

Hasira yangu iliniambia niwaambie ukweli wote wawili. Kwa bahati niliikumbuka sauti ya Mama, isiyopanda. Nikaenda kwenye kabati, nikatoa kitambaa changu cha kitenge nilichokuwa nafunga kichwani siku za mvua. Nikakifunga kitabu cha mabehewa ndani yake vizuri, nikakiweka katika droo ya meza yangu, droo yenye kufuli. Nikamgeukia Papa wa reli nikamwambia kwamba kitabu kama hiki si cha kuachwa kwenye rafu mtu yeyote apite na kukichezea. Kile cha depo kitabaki rafuni, kila mtu akishike. Lakini hiki, mtu hakipati mpaka anionyeshe kwamba tayari ana kile kingine, au aniambie kwa mdomo wake kwamba hakihitaji. Nikaongeza kwamba jambo la namba tuliache.

Nilimpaka mafuta, nakubali. Alifikiri. Akauliza kama ufunguo nitaubeba mimi mwenyewe. Nikasema shingoni. Akasema vizuri. Papa wa bandari naye alifurahi, kwa sababu kitabu chake kilikuwa bado ndicho cha kuanza nacho.

Alhamisi ya tatu mvua ilinyesha tangu alfajiri. Baba alinitazama viatu, akaingia ndani, akatoka na kitambaa, akainama na mguu wake mbovu akavifuta mwenyewe. Hajawahi kufanya hivyo kabla. Nilitembea mpaka biro bila kuhisi mvua.

Mashua mbili zilikuwa zimefika, treni iko tayari, na mama wa ndagala alikuwa dirishani kabla yangu. Mapapa waliingia pamoja, kama ilivyopaswa kuwa, wakapeana mikono. Papa wa bandari alikuwa karibu zaidi na rafu, akakishika kitabu cha depo. Papa wa reli akapiga hatua mbili kuja kwangu. Mkono wake ulikuja juu ya droo, mkono wa mtu ambaye kwa miaka yote huanza hapo. Aliuangalia mkono wake. Mimi niliushika ufunguo shingoni. Sikuweza kumkataza mbele ya watu. Kama angesema nipe, sijui ningefanya nini.

Hakusema. Aliurudisha mkono, akaenda kiti chake, akaketi, akaiweka mikono yote miwili juu ya meza, mitupu. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza katika biro ile kukaa bila kitabu mbele yake, na alionekana mpweke kidogo. Nilimpenda sana wakati huo, na hata leo nikimkumbuka namkumbuka hivyo.

Papa wa bandari akanionyesha kitabu cha depo, nikafungua droo, nikampa cha pili. Akaandika. Kalamu ilikwenda mbio, mstari huku mstari kule, sahihi huku sahihi kule. Magunia ya ndagala yakaanza kutoka depo yakiwa migongoni mwa wapagazi chini ya turubai. Alipomaliza alirudisha cha pili kwangu na cha kwanza kwenye rafu, na kabla hajanyoosha mgongo, Papa wa reli alikuwa ameshakishika cha depo na amesimama mbele ya meza yangu, amekikumbatia kifuani, akisubiri kitambaa kifunguliwe. Aliandika behewa la mahindi, behewa la saruji, behewa la mbao. Akamaliza. Papa wa bandari alirudi na mashua ya pili, naye akakaa mikono mitupu kungoja, akinywa chai. Walipokezana hivyo asubuhi nzima.

Honi ilipolia, shefu alitoka nje mwenyewe kwenye mvua, na abakosti yake, kuhesabu mabehewa yaliyojaa. Yalikuwa yamejaa yote. Mama wa ndagala alipita dirishani, akagonga ubao kwa vidole viwili. Akasema, "Sasa haingoje tena," akaenda kupanda treni yake.

Nilipiga kelele. Sioni aibu kusema. Nilisimama katikati ya biro nikapiga vigelegele peke yangu, na Papa wa reli, mtu wa maneno machache, akapiga makofi mara tatu.

Shefu aliiandika sheria ile kwa mashine, akaitia sahihi yake, akaibandika ukutani. Jina langu halikuwemo, na jambo hilo halikunikosesha usingizi. Mwisho wa mwezi niliitwa kwa mara ya tatu, nikapewa karatasi iliyosema nimepokelewa kazini.

Mwanangu wa pili sasa anafanya kazi ya kompyuta Lubumbashi. Mwaka mmoja alikuja likizo akiwa na uso wa mtu aliyefiwa. Aliniambia wanaandika programu kwa namna ambayo vitu havibadilishwi ovyo. Ukishakitaja kitu, kinabaki kilivyo. Vile vichache vinavyobadilika, ambavyo sehemu nyingi hutumia kwa pamoja, wanaviweka katika visanduku vyenye kufuli. Na programu yao siku nyingine inakaa kimya. Haianguki, hailalamiki, inakaa tu. Nikamuuliza sehemu ikihitaji visanduku viwili inaanza na kipi. Akasema kila sehemu inaanza na kile kilicho karibu na kazi yake. Nikacheka mpaka akanuna. Kisha nikamsimulia habari za mapapa wawili, naye akatafuta karatasi, akaanza kuvipa visanduku vyake namba. Alipiga simu juma lililofuata kusema haikwami tena. Nikamwambia najua.

Lakini siku ninayoirudia mara nyingi ni ile ya karatasi. Nilitoka biro nikikimbia, nikampa Baba pale mlangoni. Alisoma polepole, akasoma tena, akaikunja, akaitia katika mfuko wa shati upande wa moyo. Akasema, "Basi tutabaki." Akageuza uso kuangalia ukuta ili nisimuone.

Mama akatoa majani ya muhogo, akasema leo tunakula sombe na samaki. Nikachukua beseni nikaenda uwanjani. Jirani alikuwa ameshakishika kinu, anakisuuza kwa maji, hana haraka. Mchi ulikuwa umeegemea ukuta, hatua moja kutoka kwangu, hakuna aliyeushika. Nikauacha pale. Nikaketi chini, beseni kando, mikono mitupu, nikangoja zamu yangu katika uwanja wetu.